Waya wa Vyshneve: Kumuaga Fundi Nazar Skyba

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya mji wetu. Mkurugenzi wetu, Solomiia Andriivna. Baba Padri, uliyetuombea kabla ya chai. Mama Odarka Riabets na wanao wawili, ambao kwa haki mngetajwa wa kwanza. Wananchi wa Vyshneve, mliokuja kwa miguu kilomita sita katika tope la mwezi huu. Mafundi wenzangu wa karakana ya laini. Na wewe mwenyewe, Nazar Omelianovych, uliyekaa hapo mbele umefungwa tai ambayo nina hakika si yako: nawasalimu nyote.

Nimeambiwa niwatangazie kwamba king'ora kikilia tushuke handakini. Nami nawakumbusha walioniambia kwamba tuko handakini tayari. Basi kaeni mstarehe.

Ndugu zangu, mimi ni Yukhym Zabara, mkuu wa kikosi cha laini. Si msemaji. Miaka ishirini na minane nimefanya kazi juu ya nguzo, na juu ya nguzo mtu huzungumza na koleo lake tu. Lakini wiki tatu zilizopita mwalimu wa historia wa shule yetu alinisimamisha dukani, akanitaja kwa heshima pamoja na jina la baba yangu, "Yukhym Hryhorovych, wanafunzi wangu wananiuliza swali, na vitabu havinisaidii. Wanauliza, ilikuwaje nchi ikaanguka kiuchumi mpaka watu wakawa wanaibiana, kisha ikajaribu kujitengeneza huku kila mtu akilalamika, kisha vita ilipokuja watu walewale wakasimama pamoja? Walibadilika lini?"

Nilimwambia nina haraka, mkate unapoa. Sikuwa na haraka, na mkate ulikuwa wa jana. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiligeuza swali hilo kama mtu anayegeuza jiwe alilolikuta kiatuni. Walibadilika lini? Au hawakubadilika? Na kama hawakubadilika, ni wepi walikuwa wao wa kweli: wale wa mwaka tisini na sita, au wale wa mwaka elfu mbili ishirini na mbili?

Leo tunamuaga mtu aliyeniona katika miaka yote hiyo miwili. Kwa hiyo mniwie radhi nikianzia mbali.

Mwaka tisini na sita, mwezi wa Oktoba, serikali ilikuwa imetoa pesa mpya. Hryvnia zilikuwa safi, zinanukia wino, na zilibaki safi kwa sababu hakuna aliyezishika. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi wa mashine ya kukerezea chuma katika kiwanda cha pampu. Kiwanda hakikuwa kimetulipa mshahara tangu Februari. Badala yake tulilipwa vikaango. Msicheke, au chekeni tu, sisi pia tulicheka mwezi wa kwanza. Nilikuwa na vikaango kumi na saba nyumbani, na hakuna mafuta ya kutia hata kimoja. Mke wangu Lesia alivipeleka stesheni kuwauzia abiria, akakuta wanawake hamsini wamepanga vikaango vilevile. Alirudi navyo vyote, akaviweka chini, akaniambia, "Yukhym, leo binti yako ameniuliza kama viazi vina majina, maana anavijua kimoja kimoja."

Umeme ulikuwa wa mgao. Kila Jumapili ulikatwa saa sita mchana na kurudi saa kumi jioni. Kila mtu alijua ratiba, na wezi wa waya waliijua kuliko wote. Aluminiamu ilikuwa na bei, na mnunuzi wa chuma chakavu hakuuliza maswali. Wenye umri wangu mnakumbuka: ungeweza kuamka asubuhi ukakuta nguzo zimesimama uchi kutoka hapa mpaka msituni, kama wanajeshi waliovuliwa nguo.

Watu wa Vyshneve, mmekaa upande wangu wa kushoto. Mnakumbuka Jumapili ile laini yenu ilipokatwa? Nyumba arobaini na moja, na zizi la ng'ombe wa maziwa, siku kumi na sita bila umeme. Mashine za kukamulia zilinyamaza, wanawake wakakamua ng'ombe sitini kwa mkono, asubuhi na jioni, mpaka vidole vikavimba wakashindwa kufunga vifungo vya nguo zao. Mlimlaani mwizi yule kanisani, kwa sauti, na mlikuwa na haki.

Mwizi yule alikuwa ni mimi.

Nasema tena ili asiwepo wa kudhani amesikia vibaya. Waya wa Vyshneve niliukata mimi, Yukhym Zabara, kwa koleo la kiwanda. Lesia anajua. Nazar anajua. Mkurugenzi amejua juzi, nilipomwambia ili asije akashtuka mbele za watu. Ninyi mnajua sasa hivi.

Jumapili ya kwanza nilichukua nafasi tatu, yaani waya wa kutoka nguzo hadi nguzo mara tatu, nikauza. Jumapili ya pili nikarudi, kwa maana laini ilikuwa tayari imekufa na sikuwa na cha kuogopa. Nilikuwa juu ya nguzo ya nne, jua la saa saba linaniunguza shingo, nikasikia mtu anakohoa chini. Nikatazama. Mwanamume wa miaka kama thelathini na minane, amevaa koti la kampuni ya umeme, begani ana mfuko wa kitambaa. Alikuwa akiikagua laini kwa miguu, kwa kuwa gari la karakana halikuwa na petroli.

"Habari za huko juu?" akaniuliza.

"Nzuri," nikajibu.

"Umebakiza ngapi?"

"Mbili."

"Basi shuka ule kwanza. Mwenye njaa huteleza."

Ndugu zangu, mngefanya nini? Nilishuka. Nilikuwa na koleo mkononi na nilikuwa na nguvu kumzidi, na sitaficha kwamba lilinipitia wazo nisilopenda kulitaja mbele ya Padri. Lakini yeye alikuwa ameshakaa nyasini, ananikatia mkate. Mkate, mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi, na kitunguu. Alinipa pande lililo kubwa. Tukala. Alipomaliza akafuta kisu chake kwenye suruali, akasema, "Haya, panda. Tunaurudisha."

"Sijui kuurudisha," nikamwambia.

"Ulijuaje kuutoa?"

"Kutoa ni rahisi."

"Ndiyo maana nchi iko hivi," akasema. "Panda, nitakuelekeza."

Nilipanda. Tuliurudisha ule wa siku ile, na ule wa kwanza tuliuhangaikia siku nane zaidi, tukiomba vipande huku na huku. Jumatatu alinipeleka karakanani, akamwambia mkuu wa wakati ule, "Huyu ni mtu mpya. Kupanda anajua tayari." Hakuongeza neno, wala siku ile, wala mwaka uliofuata, wala hata tulipolewa kwenye harusi ya binti yangu.

Kwa nini? Hilo ndilo swali langu mimi, na nimelibeba muda mrefu kuliko mwalimu wa historia alivyobeba lake. Kwa nini hakunipeleka polisi? Mara ya kwanza nilimuuliza mwaka tisini na tisa. Akajibu, "Waya ulikuwa mzito na mimi nilikuwa peke yangu." Nikadhani ananitania. Mara ya pili, mwaka elfu mbili na nane, akasema, "Polisi ni kilomita kumi na moja, na buti langu lilikuwa limetoboka." Wiki iliyopita nikaenda kwake, tukanywa chai kwa jamu ya rasiberi, nikamwambia, "Omelianovych, unastaafu. Sitakuwa na nafasi nyingine. Niambie kweli."

Akaongeza jamu kwenye chai yake. Kisha akasema, "Kabla sijakuona juu, niliona kazi yako ya Jumapili ya kwanza. Ule upande unaokuja na umeme, uliufunga ncha. Uliuviringisha juu ya kikombe cha kauri cha nguzo, ukatundika kitambaa chekundu ili asije mtu akaugusa. Nikajiuliza, ni mwizi gani huyu anayeogopa kumuua jirani? Nikakaa kumngoja. Nilitaka kumwona tu."

Wenzangu, nawaambia ukweli mtupu: sikumbuki kuifunga ile ncha. Nimejaribu. Nakumbuka jasho, nakumbuka uzito wa waya begani, nakumbuka jina la mbwa wa mnunuzi wa chuma. Kitambaa chekundu sikikumbuki. Huenda nilifunga. Huenda alifunga mtu mwingine aliyepita. Na huenda Nazar amekitunga kitambaa hicho ili mzee mwenzake alale vizuri, anaweza, huyu. Nilimuuliza. Akasema, "Kunywa chai, inapoa."

Tuendelee, maana mkutubi wetu, msimamizi wa ratiba ya leo, ananionyesha saa.

Baada ya kuanguka yakaja mageuzi. Yalikuja mara nyingi, kila serikali na yake, lakini kwetu yalifika mwaka elfu mbili kumi na saba ndani ya gari dogo la bluu, na dereva wake alikuwa ni wewe, Solomiia Andriivna, una miaka ishirini na tisa na viatu visivyofaa kwa uwanja wetu. Ulituweka kwenye mstari, mafundi thelathini na mmoja, ukatusomea kwamba tutabaki kumi na wawili. Nazar akainua mkono kama mwanafunzi.

"Binti, nina swali. Watu umewapunguza. Na nguzo, umezipunguza?"

Ulikasirika, usikatae. Ulisema, "Nguzo zikipunguzwa nitakujulisha kwa barua."

Kisha ukatutuma tuhamishe mita za umeme kutoka ndani ya nyumba za watu tuzitundike nje, juu ya nguzo, ili wasizichakachue kwa sumaku. Hakuna kazi iliyotuletea matusi kama ile. Mama mmoja, ambaye yuko humu ndani na ameinamisha kichwa sasa hivi, alisimama chini ya ngazi akapiga kelele, "Nazar! Umekula supu yangu ya borshi miaka ishirini! Leo unanihesabia taa?" Naye Nazar juu huko akajibu, "Borshi yako ilikuwa nzuri, Hanna. Sumaku yako pia nzuri, naomba uniuzie." Mtaa mzima ukacheka, na Hanna akacheka mwishowe, lakini bili ya mwezi uliofuata haikumchekesha mtu.

Je, mageuzi yale yalikuwa mema? Nimeombwa nisiseme siasa, nami sitasema. Nitasema niliyoyaona. Wenzetu kumi na tisa walikwenda kufanya vibarua Polandi, na wawili kati yao hawakurudi kwa wake zao. Hilo nililiona. Mishahara ilianza kulipwa tarehe ile iliyoandikwa, kwa pesa, si kwa vikaango. Hilo nalo nililiona. Hapo zamani, mtu akitaka kuungiwa umeme alituletea chupa. Baada yako, Solomiia, chupa zilikoma, na wengine wetu tulinung'unika kimyakimya kwa kiu. Transfoma ya hospitali, tuliyokuwa tukiifunga kwa kamba na dua, ulitununulia mpya. Kila siku ulikuwa unagombana na Nazar, na kila siku ulimwita kwanza kitu kilipoharibika. Mimi niliwatazama ninyi wawili nikashindwa kujua kama mnachukiana.

Na wakati huohuo vita ilikuwa imeshaanza mashariki, ingawa sisi wa kaskazini tulizoea kusema "kule". Fundi mwenzetu Danylo Riabets, mumeo, Mama Odarka, alikwenda kule mwaka elfu mbili kumi na nne, akarudi na mguu unaouma ukinyesha mvua, akapanda nguzo tena. Aliniambia siku moja, "Yukhym, mnaongea juu ya bei ya umeme kana kwamba ndilo jambo baya linaloweza kutokea." Nilimwambia aache kututabiria mikosi. Nakumbuka nilikasirika. Sasa najiuliza nilikasirikia nini.

Februari ya mwaka elfu mbili ishirini na mbili ilipofika, "kule" kukawa hapa. Siku ya sita, vifaru vya Urusi vilikuwa ng'ambo ya mto, daraja limevunjwa, ghala letu la vifaa limeungua pamoja na magari mawili na kila roli ya waya tuliyokuwa nayo. Kituo cha pampu ya maji hakikuwa na umeme. Mji wa watu elfu tisa ukawa unayeyusha theluji. Tulibaki mafundi saba, na hatukuwa na waya hata wa kufungia kuni.

Nazar akaenda langoni, akachukua ubao, akaandika kwa makaa: TUNATAFUTA WAYA WA ALUMINIAMU. Mstari wa pili akaandika: HATUULIZI.

Ndugu wageni waalikwa, mnajua kilichotokea, maana nusu yenu mlikuwa mnakisukuma wenyewe. Saa moja haikuisha, akaja mzee na mkokoteni wa mtoto, ndani yake roli ya waya, imefungwa vizuri, imepakwa grisi.

"Niliuokota," akasema.

"Weka pale," Nazar akamwambia.

Akaja wa pili na baiskeli. "Mimi pia niliuokota."

Mimi ulimi wangu una wazimu, nikamuuliza, "Uliuokota lini, bwana?"

"Mwaka tisini na saba," akasema, bila hata kupepesa.

Nazar akanikanyaga mguu. "Ubao unasomeka," akaniambia. "Hatuulizi."

Walikuja mpaka jioni. Waya kutoka kwenye mabanda, kutoka chini ya nyasi za ng'ombe, kutoka kwenye dari za bafu, waya waliouiba wao au baba zao, wakashindwa kuuza au wakaona aibu kuuza, wakauweka tu, miaka ishirini na mitano. Tulipata kilomita nne na zaidi. Nilisimama pale nikiupima, na nawaapia, niliwaza: nchi hii iliiba waya wake yenyewe ikauficha, na sasa inaurudisha yenyewe. Mwalimu, hili ndilo jibu langu pekee. Watu hawakubadilika siku ile. Waya ulikuwemo mabandani. Kwa nini waliutunza, hawakuutupa wala kuuyeyusha? Waulize wao. Mimi nimewauliza wanne, na kila mmoja ameniambia jambo tofauti.

Tukaanza kuvuta laini ya pampu. Siku ya tatu kombora lilianguka kando ya barabara Danylo akiwa juu. Mama Odarka, umeniruhusu niseme na nitasema kwa ufupi. Nazar alimshusha kwa mkono mmoja, kwa maana wa pili ulikuwa umeshavunjika na yeye hajajua. Danylo alifia mapajani mwake kabla gari halijafika. Hakusema maneno makubwa. Aliuliza kama nati ya mwisho imekaza.

Asubuhi yake Nazar alikuja karakanani na mkono umefungwa gango. Nilimwambia, "Wewe leo huendi popote." Akasema, "Siwezi kupanda. Naweza kushika ngazi." Wewe ulipanda, Solomiia, mkurugenzi wa wilaya, uliyekuwa hujapanda nguzo tangu chuoni, nami nilipanda nguzo ya pili, naye alishika ngazi yako kwa mkono mmoja mzima, anakuelekeza kwa sauti ya upole ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Saa tano na dakika kumi maji yalitoka. Ulishuka, ukamwekea kichwa begani ukalia, naye akasema, "Taratibu, binti, upande huo umevunjika." Tangu siku hiyo sijiulizi tena kama mnachukiana.

Nazar Omelianovych, mkono wako haukupona sawasawa, na hiyo ndiyo sababu tunakuaga leo, si umri. Karakana inakupa saa ya ukutani, kwa sababu ndiyo kawaida, na jenereta ndogo, kwa sababu ndizo siku zetu. Wanakikosi wanakupa viatu vya kupandia, vipya, hata kama hutapanda. Mimi sina cha kukupa kinacholingana na pande lile la mkate. Ninacho kimoja tu: kusema hadharani jambo ulilonifichia, ili usilibebe peke yako uzeeni.

Na ninyi wa Vyshneve, nawaomba msamaha. Mama zenu waliovimba vidole, wengi wameshazikwa, na hilo siwezi kulirudisha kwa ngazi wala kwa koleo.

Mzee Prokip amesimama. Mwacheni apite, jamani, mpisheni njia. Kwa wasiomjua, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa zizi la ng'ombe mwaka ule. Ana haki ya kutoka. Padri, usimzuie.

Naam, Mzee Prokip? Nakusikia, sema tu hapo mlangoni.

Anauliza... Kwa walio nyuma ambao hawakusikia, nitarudia. Anasema, "Hayo tumeyasikia. Laini yetu iliyopigwa na droni Alhamisi, inarudi lini?"

Jumatatu, mzee. Kabla ya saa nne asubuhi. Nitapanda mwenyewe.

Anasema atakuwepo kuangalia.

Ndugu zangu, nimewachosha na chai imepoa; nawashukuru kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu. Nazar, simama wakuone.